Vidonge vya presha na sahani yako: maswali tunayoulizwa dirishani kila siku

Duka letu la dawa liko Busia, upande wa Uganda, karibu na barabara ya malori. Siku za soko wateja hutoka Samia, Tororo na hata ng'ambo ya mpaka, kila mmoja na lugha ya kwao, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha dirishani. Mtu akishapokea vidonge vyake vya presha, kabla hajaondoka hugeuka na kuuliza: "Sasa musawo, nile nini, niache nini?"

Hatuwezi kumjibu kwa sentensi moja, maana hakuna dawa moja inayoitwa "dawa ya presha". Ziko nyingi. Nyingine zina ugomvi na chakula fulani, nyingine hazina ugomvi na chochote. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, chukua pakiti yako. Achana na jina kubwa la kampuni, tafuta lile dogo lililo chini yake: amlodipini, nifedipini, losartani, enalaprili, kaptoprili, atenololi, haidroklorothiazaidi na kadhalika. Kama ulipewa vidonge ndani ya bahasha isiyo na jina, rudi ulikopewa waliandike. Ni haki yako, na bila jina hilo majibu mengi ya hapa chini hayatakusaidia.

Ni lazima nile kwanza ndipo nimeze kidonge?

Kwa dawa nyingi za presha, hapana. Amlodipini, losartani, enalaprili, lisinoprili na haidroklorothiazaidi unaweza kuzimeza umekula au hujala, na zitafanya kazi ile ile.

Tumeanza na swali hili makusudi. Kwa tunavyoona hapa dirishani, linaharibu matibabu ya watu wengi kuliko matunda yote yanayoogopwa. Mzee anaamka alfajiri kwenda shamba, chai haijapikwa. Anasema, "Dawa hii ni kali, siwezi kuimeza tumbo tupu." Anangoja chakula cha mchana, nacho kinaiva saa tisa, na kufikia hapo kidonge kimeshasahaulika. Siku tatu za wiki zinapita hivyo. Akienda kupimwa presha iko juu, anaongezewa dawa ya pili, wakati ile ya kwanza haijapata hata nafasi ya kujaribiwa.

Nadhani mazoea haya yametoka kwenye malaria. Dawa mseto ya malaria, ile yenye lumefantrini, kweli inataka chakula chenye mafuta kidogo au maziwa ili iingie vizuri mwilini, na ni nani Uganda hajawahi kuambiwa hivyo? Basi sheria ya malaria ikahamia kwenye presha bila mwaliko.

Zipo chache zenye masharti yake. Kaptoprili hupungua nguvu ikikutana na chakula tumboni, kwa hiyo imeze kama dakika sitini kabla ya kula. Karvediloli ni kinyume chake: imeze pamoja na chakula ili iingie kwenye damu polepole, usije ukasimama ukaona kizunguzungu. Metoprololi nayo hupendelea chakula. Kwa propranololi kilicho muhimu ni kutobadilisha-badilisha. Ukichagua baada ya chai, iwe baada ya chai kila siku. Vidonge vya kukojoza, kama haidroklorothiazaidi na furosemaidi, meza asubuhi, la sivyo usiku kucha utakuwa njiani kwenda chooni.

Nimeambiwa ndizi ni mbaya kwa mtu wa presha. Niache matoke?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na si ajabu. Kumkataza mtu wa hapa matoke ni kumfukuza mezani kwake.

Kinachozungumzwa ni potasiamu, madini yaliyomo kwa wingi kwenye matoke, ndizi mbivu, ovakado, viazi vitamu, maharage, fenesi, nyanya na mboga za majani kama dodo. Kwa mtu mwenye figo nzima, potasiamu ni rafiki: husaidia kushusha presha na kusukuma chumvi itoke na mkojo. Kwa hiyo sentensi "ndizi ni mbaya kwa presha", ikisemwa hivyo hivyo tu, ni ya uongo.

Imetoka wapi basi? Kuna kundi la dawa ambazo huifanya figo ishikilie potasiamu badala ya kuitoa. Ndani yake wamo enalaprili, lisinoprili, kaptoprili, losartani, valsartani na telmisartani, na zaidi ya wote spironolaktoni. Figo ikiwa salama, kinachobaki mwilini ni kidogo na sahani ya matoke haileti shida. Figo ikiwa imechoka, potasiamu inarundikana, na ikizidi inavuruga mapigo ya moyo. Ubaya wake ni kwamba haitoi ishara unayoweza kuitegemea. Mtu anaweza kujisikia mlegevu kidogo tu, kisha moyo ukakorofika.

Kwa hiyo anayepaswa kuuliza kuhusu matoke ni yule mwenye ugonjwa wa figo, au aliyeishi na kisukari miaka mingi, au mzee aliyepewa spironolaktoni juu ya enalaprili. Huyo aombe kipimo cha damu cha potasiamu na cha kriatinini, kinachoonyesha figo inavyofanya kazi. Vituo vingi vidogo vya afya havina kipimo hicho. Itabidi aende hospitali au maabara kubwa zaidi. Majibu yakitoka ndipo azungumze na daktari apunguze nini. Asipunguze kwa kusikia tu.

Halafu kuna watu wa upande wa pili, ambao hawatajwi. Wanaomeza haidroklorothiazaidi, bendrofluazaidi au furosemaidi bila dawa za lile kundi la kwanza hupoteza potasiamu kwenye mkojo. Misuli hukaza usiku, miguu inakosa nguvu. Kwao ndizi na dodo ni sehemu ya matibabu. Tumewahi kumpata mama anayemeza haidroklorothiazaidi peke yake, ameacha matoke miezi sita kwa sababu jirani yake mwenye ugonjwa wa figo alikatazwa. Jirani alikuwa sahihi kwa mwili wake.

Jambo moja la jikoni. Potasiamu huyeyuka kwenye maji. Ukimenya viazi au ndizi, ukazikatakata, ukazichemsha kwa maji mengi na kuyamwaga, umemwaga na sehemu ya potasiamu. Matoke yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba na kuiva kwa mvuke hayana maji ya kumwagwa, kwa hiyo potasiamu yake yote inabaki humo. Kwa mwenye figo nzima hiyo ni faida. Kwa aliyekatazwa potasiamu, bora achemshe na kumwaga, ingawa najua mama wengi wa Buganda watakunja uso wakisikia hivyo.

Nimepunguza chumvi. Natumia magadi na chumvi ya asili tu. Si ndiyo salama?

Hapa tukae kidogo, maana kwenye vyakula vyote chumvi ndiyo inayopigana na vidonge vya presha waziwazi. Dawa kama losartani na enalaprili hupoteza makali mtu akila chumvi nyingi, na dawa za kukojoza huwa zinachota maji kwa kikombe huku wewe unamimina kwa ndoo.

Majikoni mwetu kuna chumvi za aina tatu, na watu wengi huhesabu moja tu.

Ya kwanza ni ya pakiti. Hiyo kila mtu anaijua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku kutoka vyanzo vyote, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Nani anapima kwa gramu? Hakuna. Tumia hesabu ya pakiti: nyumba ya watu watano, kila mmoja gramu 5, ni gramu 25 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo basi isiishe kabla ya siku 20. Andika tarehe juu ya pakiti kwa kalamu siku unayoifungua. Wengi waliojaribu walirudi kutuambia yao ilikwisha kwa siku kumi, na hapo hawajahesabu mkate, chapati ya rolex ya barabarani, wala unga wa mchuzi wa pakiti, ambao kwa kiasi kikubwa ni chumvi iliyopewa rangi na harufu.

Ya pili ni magadi, pamoja na soda ya kupikia inayotiwa kwenye maharage, njegere na mboga ngumu ili zilainike haraka. Kwa kuwa ulimi hauionji kama chumvi, mtu huiona haina hatia. Lakini kinachopandisha presha kwenye chumvi ni sodiamu, na magadi na soda vina sodiamu tele. Kijiko kimoja cha chai cha soda ya kupikia kina miligramu 1,260 hivi za sodiamu, wakati kiwango cha siku nzima cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 2,000. Chumvi ya mawe, kama ile inayovunwa Ziwa Katwe kule Kasese au ile ya kutengenezea eshabwe, mchuzi wa samli wa Wanyankole, nayo isikudanganye kwa jina la asili. Presha haiulizi kama chumvi ilitoka kiwandani au ziwani. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage yale maji, uyapike kwa maji mapya. Yatalainika bila magadi, na kuni utaokoa.

Ya tatu ni chumvi ya majivu: majivu ya maganda ya maharage au ya mimea mingine yanachujwa kwa maji, na maji yale ndiyo yanayopikiwa mboga. Wateso huiita abalang. Majivu ya mimea yana potasiamu kwa wingi kuliko sodiamu. Kwa mtu mwenye figo nzima haina neno ikitumiwa kidogo. Kwa mwenye figo mbovu anayemeza enalaprili, losartani au spironolaktoni, ile bakuli ya mboga laini inaweza kumletea shida kubwa kuliko ndizi, na hakuna daktari atakayemuuliza kuhusu majivu. Mtajie mwenyewe.

Na samaki wakavu?

Tofautisha. Mukene, yaani dagaa, kwa kawaida huanikwa juani tu bila chumvi, kwa hiyo shida inaanza pale anapokaangwa na kunyunyiziwa. Samaki mkubwa aliyepasuliwa na kusuguliwa chumvi ni jambo jingine. Mloweke usiku mzima, ubadilishe maji mara mbili, na usiongeze chumvi kwenye mchuzi wake. Mchuzi wa karanga unamfaa sana, kwani utamu wake unafunika upungufu wa chumvi.

Mama mkwe ndiye anayepika na hawezi kubadilika. Nifanyeje?

Usiombe apike chungu chako peke yako, hilo huleta maneno nyumbani. Omba chumvi itiwe mwishoni badala ya mwanzoni, na wewe upakuliwe kabla haijatiwa. Limau, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vitafanya kazi iliyobaki. Ulimi huzoea baada ya wiki chache, na baadaye chakula cha harusini kitakushinda kwa chumvi.

Kuna chumvi ya "watu wa presha" inauzwa supamaketi. Ninunue?

Soma nyuma ya pakiti. Chumvi nyingi za namna hiyo zimeondolewa sehemu ya sodiamu na kuwekewa kloridi ya potasiamu. Kwa watu wengi ni nzuri. Kwa mwenye figo mbovu, au anayetumia zile dawa zinazoshikilia potasiamu, asiiguse kabla ya kipimo cha damu na ruhusa ya daktari.

Nimesikia balungi linaua ukimeza dawa ya presha. Ni kweli?

Habari hii ina mizizi ya kweli, ila imevimba njiani. Watafiti wa Kanada walikuwa wakichunguza pombe na dawa ya presha iitwayo felodipini. Ili washiriki wasijue nani amepewa pombe, waliificha ndani ya juisi ya balungi. Wakakuta dawa imepanda kwenye damu kupita matarajio, na mkosaji hakuwa pombe bali juisi yenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991.

Inakuwaje? Kwenye utumbo kuna kimeng'enya kinachovunja sehemu ya dawa kabla haijaingia kwenye damu. Balungi hukizima. Dawa iliyopaswa kuvunjwa inaingia nzima, na ni kama umemeza vidonge viwili badala ya kimoja: presha inashuka mno, kichwa kinauma, moyo unadunda. Kutenganisha saa hakusaidii sana, kwa sababu utumbo huhitaji siku moja hadi tatu kutengeneza kimeng'enya kipya.

Zinazoguswa ni felodipini na nifedipini. Amlodipini, ambayo ndiyo tunayoitoa sana hapa, huguswa kidogo sana. Ila angalia kama umepewa na dawa ya kushusha mafuta kwenye damu: simvastatini na atorvastatini nazo zinagombana na balungi. Danzi, lile chungwa chungu, lina tabia ile ile. Machungwa matamu ya sokoni, machenza, mananasi, mapapai, maembe na pasheni hayamo kwenye kesi hii.

Tukiwa kwenye nifedipini: kidonge cha kutoa dawa polepole kimeze kizima. Usikitafune wala usikisage ndani ya uji wa mgonjwa. Dawa ya saa nyingi itamwagika kwa mara moja, na presha inayoporomoka ghafla inaweza kuunyima ubongo damu.

Nimeze kwa chai ya maziwa, juisi au maji?

Maji. Chai ya maziwa haina ugomvi na dawa nyingi za presha, kwa hiyo kama ulishameza nayo usihangaike. Juisi ya machungwa ina neno na atenololi: huizuia kuingia mwilini kwa kiwango kamili. Anayemeza atenololi kwa juisi kila asubuhi anajipunguzia dozi bila kujua. Ale chungwa lake baadaye.

Katunkuma, kitunguu saumu, karkade: naweza kuacha vidonge nikitumia hivi?

Katunkuma, vile vitunda vidogo vichungu vya kijani, ndiyo "dawa ya puleesa" inayotajwa kuliko zote sokoni, vikiwa vibichi au vimesagwa kuwa unga. Kama mboga, kula. Tunavila hata sisi. Lakini unga uliofungwa kwenye karatasi hauna kipimo: leo kijiko, kesho viwili, na mti wenyewe hukuuona.

Kitunguu saumu na karkade, ile juisi nyekundu iliyotujia kutoka Sudan, vinaweza kushusha presha kidogo kweli. Ndiyo maana vinahitaji kutajwa. Anayemeza vidonge viwili vya presha, akanywa na mitungi ya karkade, anaweza kushuka hadi kizunguzungu. Akiviacha vidonge na kubaki na karkade, presha hurudi polepole bila maumivu yoyote, na hapo ndipo tunapopoteza watu. Presha haiumi, kwa hiyo kujisikia vizuri hakuthibitishi chochote. Mtu huja akitabasamu na mashine inasoma 190.

Tuliwahi kumwambia mzee mmoja aendelee na katunkuma chake, aendelee na amlodipini yake, arudi baada ya mwezi tupime. Alishangaa kwamba hakugombezwa. Tangu siku ile hutueleza kila kitu anachokunywa, na taarifa hiyo ina thamani kuliko marufuku.

Pombe je? Nakunywa ajono kidogo tu na wenzangu.

Tatizo la ajono ni kupima. Mnakaa mmezunguka chungu, kila mmoja na mrija wake, maji ya moto yanaongezwa, na saa nne zinapita. Hakuna glasi ya kuhesabu. Ukweli ni huu: pombe hutanua mishipa kwa muda, na ikikutana na vidonge unaweza kuanguka unaposimama kwenda haja. Kesho yake, na kwa mazoea ya kila siku, pombe nyingi hupandisha presha na kuishinda dawa. Waragi hufanya yote mawili haraka zaidi. Kuacha kabisa ni bora. Usipoweza, angalau usiruke kidonge "kwa sababu leo nakunywa". Wanaoruka vidonge kila wikendi ni wengi kuliko mnavyodhani.

Kahawa na mayirungi?

Kahawa hupandisha presha kwa saa chache, hasa kwa asiyeizoea. Kikombe kimoja au viwili kwa mnywaji wa kila siku havina ubaya mkubwa. Kumbuka tu kwamba mwanyi, zile buni za kutafuna ambazo wageni hukaribishwa nazo Buganda, ni kahawa pia, na usinywe wala kutafuna ndani ya nusu saa kabla ya kupimwa.

Mayirungi, yaani miraa, hatuyafungi kwenye fungu moja na kahawa. Yana kathinoni, ambayo huusukuma moyo na kubana mishipa, kinyume kabisa cha kazi ya kidonge. Madereva wa malori wanaotafuna ili wasilale njia ya Malaba hadi Kampala hutuuliza kwa nini dawa haifanyi kazi. Kumbe jibu wanalo shavuni.

Mimi ni mjamzito, nimepewa methildopa na vidonge vya kuongeza damu. Nimeze pamoja?

Usimeze pamoja, dada. Madini ya chuma yaliyo kwenye vidonge vya kuongeza damu hushikana na methildopa tumboni na kuizuia kuingia mwilini, na presha ya mjamzito si ya kuchezea. Vitenganishe kwa saa mbili au zaidi. Vyote viwili unavihitaji, usiache hata kimoja.

Na kama ulikuwa unameza enalaprili, losartani au ndugu zake kabla ya mimba, rudi kliniki leo, usingoje tarehe yako. Dawa hizo humdhuru mtoto tumboni.

Nilikula samaki, midomo ikavimba. Nina mzio wa samaki?

Huenda. Lakini kama unameza enalaprili, kaptoprili au lisinoprili, mshukiwa wa kwanza ni dawa. Inaweza kuvimbisha midomo, ulimi au uso hata baada ya miezi au miaka ya kuitumia salama, na hutokea zaidi kwa sisi watu weusi. Usimeze kidonge kingine cha aina hiyo. Kama ulimi umevimba au pumzi inabana, panda boda uende hospitali sasa hivi, na useme jina la dawa mlangoni.

Dawa hizo hizo huleta kikohozi kikavu kinachosingiziwa vumbi au maji baridi. Hicho si cha dharura, ila mwambie daktari, kwani ipo dawa mbadala. Miguu inayovimba kwa anayetumia amlodipini nayo mara nyingi ni dawa yenyewe, wala si chumvi ya jana. Ikivimba pamoja na kukosa pumzi, hilo ni la hospitali.

Ramadhani inakaribia. Nitamezaje?

Njoo wiki mbili kabla. Dawa ya mara moja kwa siku huhamishiwa futari au daku bila shida. Ya mara tatu kwa siku mara nyingi hubadilishwa na ya mara moja, na hilo ni la daktari kuandika. Vidonge vya kukojoza vikimezwa daku vitakukausha mchana, ndiyo maana wengi hupangiwa futari. Na kwenye futari yenyewe angalieni sambusa na supu, zina chumvi kuliko zinavyoonekana.

Ninaharisha na kutapika. Niendelee na vidonge?

Hapa ndipo penye tofauti. Mwili ukikauka, vidonge vya kukojoza na lile kundi la enalaprili na losartani vinaweza kuiumiza figo. Fika kituo cha afya siku hiyo hiyo wakuambie kipi kisimame kwa siku hizo na kirudi lini. Maji ya chumvi na sukari ya pakiti yasikutishe kwa kuwa yana chumvi: unarudisha ulichopoteza.

Mgongo unauma. Naweza kununua diklofenaki?

Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha, huzuia dawa zako na kuichosha figo. Omba parasetamoli ya kawaida, si ile ya kuyeyusha kwenye maji inayotoa povu, ambayo ina sodiamu nyingi.

Kwa nini baba huishiwa nguvu baada ya kula?

Kwa wazee, baada ya mlo mkubwa damu nyingi huelekea tumboni na presha hushuka, na kidonge kikiwa kimeshika kasi saa hiyo hiyo hushuka zaidi. Hutokea sana kwenye matanga na harusi: mzee amekaa juani tangu asubuhi, analetewa sahani iliyojaa saa tisa, anamaliza, anasimama, anaanguka. Mpakulieni kidogo kidogo, anywe maji kabla ya kula, akae nusu saa kabla ya kusimama. Mpimeni presha akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama, mwandike namba zote mbili kwenye karatasi pamoja na saa aliyomeza dawa. Mleteni na karatasi hiyo, huenda kinachohitajika ni kuhamisha saa ya kidonge tu.